Ngome ya Lamu: Bei ya Ushindi wa Shela

Mei 2021, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Kililana, ngome inayotazama uwanja wa Mkunguni ilikuwa ikitimiza miaka 200 tangu ikamilike mwaka 1821. Matukio hayo mawili yana undugu. Tumezoea kuelezwa kwamba ngome ni ya Waomani, kana kwamba ilishushwa jahazini ikiwa nzima. Waomani walisimamia, lakini waliowaalika ni Waamu wenyewe, tena wakiwa wametoka kushinda vita.

Takriban mwaka 1813, Wapate wakishirikiana na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa waliteremka ufukwe wa Shela kuishika Lamu. Walikuwa na kila sababu ya kujiamini, maana Mombasa wakati huo ilikuwa na nguvu na Pate ilikuwa na jina. Waamu wakawapokea ufukweni na kuwavunja. Masimulizi ya mji yanasema waliokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa, majahazi yamelala mchangani, hakuna la kusukuma wala pa kwenda. Wakauawa palepale kando ya mbao za vyombo vyao. Ushindi mkubwa kama huo ungetosha kuufanya mji utembee kifua mbele. Badala yake wakubwa wa Lamu waliogopa kisasi, wakamwomba Sayyid Said wa Omani ulinzi. Akawapa liwali na askari, na ujenzi wa ngome ukaendelea hadi ukuta wa matumbawe na chokaa ukasimama juu ya mji.

Yupo atakayesema hofu ile ilikuwa ya haki, na kwamba chini ya ulinzi huo Lamu ilitajirika. Ni kweli. Pembe za ndovu na boriti zilijenga majumba ya mawe. Lakini sehemu ya utajiri huo ililimwa na watumwa kwenye mashamba ya bara, na mlinzi aliyealikwa kwa ajili ya adui mmoja hakuondoka adui alipokwisha. Mazrui waliangushwa Mombasa mwaka 1837. Askari wa Sultani walibaki Lamu. Wakaja Waingereza, na kuanzia 1910 ngome ikawa jela. Watu wa pwani walikuwa wakiita ngome kama hii gereza, neno lililotokana na Kireno, kabla neno hilo halijawa na maana ya kifungo. Lamu jengo likalifuata neno. Serikali huru nayo iliendelea kufungia watu humo hadi 1984, ndipo Makumbusho ya Taifa yakakabidhiwa jengo. Kwa miaka 74, ukuta uliojengwa kuzuia wa nje ulizuia wa ndani.

Leo ndani ya ngome kuna maktaba na maonyesho, na mji wenyewe ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Hilo ni jambo la fahari. Lakini swali la mwaka 1813 limerudi mlangoni: mgeni mwenye nguvu akileta neema, nani anapanga masharti? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya mradi wa bandari. Makumbusho yanayosimulia ushindi wa Shela yana wajibu wa kusimulia pia mapatano yaliyoufuata, ukumbini humohumo, ili mjadala wa Kililana usianzie patupu.