Zamu ya Kuandika: Kutoka Essex hadi Akili Mnemba

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD. Mwenzake Richard Bartle akashirikiana naye, na Trubshaw alipoondoka chuoni, Bartle akaachiwa kazi yote. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Skrini ilikueleza mahali uliposimama, nawe ukaandika unakotaka kwenda. Michezo ya maandishi ilikwishakuwapo. Will Crowther wa Marekani alikuwa ametunga wake wa mapangoni miaka michache kabla. Jambo jipya la Essex ni kwamba ungeweza kukutana humo na mtu mwingine aliye hai, naye ameketi kwenye kibodi yake. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, kompyuta ilipokuwa haina kazi nyingine, nao wakakesha.

Nimecheza michezo hii kwa miaka mingi, na kinachonivuta si mazimwi wala panga. Ni kule kuandika kwa zamu, kama washairi wanaolumbana kwenye kurasa za magazeti: ubeti wangu hauna maana mpaka wewe uujibu.

Desturi hiyo ilipata makao mwaka 1989, pale Jim Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipoanzisha TinyMUD. Aliondoa mapigano na alama za ushindi. Wachezaji wakabaki na kazi ya kujenga vyumba kwa maneno na kuzungumza, na hayo yakatosha. Mwenye mhusika aitwaye Mwanaidi akiandika nukta mbili, kisha “anafunga dirisha”, wote waliomo chumbani walisoma: Mwanaidi anafunga dirisha. Kwa amri ndogo kama hiyo, mazungumzo yakageuka utunzi. Seva ile ya kwanza haikudumu, lakini ilizaa nyingine zilizoitwa MUSH. Mnamo miaka ya 1990 jumuiya ya PernMUSH iliigiza katika ulimwengu wa riwaya za Anne McCaffrey, na Elendor katika ule wa Tolkien.

Katika jumuiya za namna hiyo miiko ilikomaa. Mkuu wa yote ni huu: huamui yanayompata mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika kwamba umerusha ngumi. Kama imempata au amekwepa, ataandika yeye.

Wanaodhani mashine imeingia michezoni jana hawajasikia habari za Julia. Michael Mauldin, naye wa Carnegie Mellon, alimtunga na kumwachia azunguke ndani ya TinyMUD. Alikuwa programu. Alielekeza wageni njia, akapokea ujumbe na kuufikisha kwa aliyekusudiwa. Wapo waliomtongoza wakidhani ni mtu, lakini wenyeji walimjua, wakamtumia kwa kazi alizoziweza. Hakuna aliyejificha nyuma yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja Desemba 2019. Nick Walton, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, alitoa mchezo wa AI Dungeon 2, ulioendeshwa na modeli ya lugha ya GPT-2. Sasa uliweza kuandika lolote na hadithi ikaendelea. Ila modeli ile ilisoma vipande 1,024 tu vya maneno kwa mara moja. Yaliyotangulia yakisukumwa nje, aliyekwisha kufa aliweza kurudi akila chakula cha jioni. Hata hivyo kila mchezaji alijua anacheza na mashine. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, ikawa rahisi kubandika humo aya ya mwenzako na kurudisha jibu bila kuisoma.

Hilo limenipata. Mhusika wangu ni mvushaji kipofu anayeujua mto kwa sauti ya maji. Jioni moja mwenzangu alileta aya tatu zilizonyooka, na ndani yake mvushaji wangu akainua macho, akatazama machweo, akatabasamu. Rafiki yule alikuwa amecheza nami muda mrefu. Asingeweza kusahau upofu ule. Nilipomuuliza alikiri. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nimepima kila neno kwa ajili ya msomaji ambaye hakusoma, na mashine ikaamua hata uso wa mhusika wangu ufanye nini.

Sitaki akili mnemba ifukuzwe. Michezo mingi huchezwa kwa Kiingereza, na anayekwama kwenye sarufi ana haki ya kusaidiwa ili awaze na wenzake bila haya. Mchezeshaji mwenye kelele za soko zima za kueleza, au mlinzi wa lango ambaye hakuna mchezaji anayetaka kumwigiza, aikabidhi mashine kazi hiyo. Ndiyo kazi ya Julia, imepanuliwa tu.

Lakini tuitumie kwa uwazi aliotumiwa Julia: isemwe kabla ya onyesho kuanza, na kila mwenye mhusika asome aya ya mwenzake na kuamua mwenyewe jibu lake. Sarufi inaweza kuazimwa. Uamuzi wa kama ngumi imekupata ni wako, na mwenzako amekaa akiusubiri kutoka kwako.