Blada ya Kaloleni ilikotoka

Katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, kijana anayetaka kifua na mabega halazimiki kupeleka pesa jimu. Fundi wa baiskeli huwa na tyubu zilizozibwa viraka mpaka zikakataa. Moja ikikatwa kwa wembe kwa kuizungusha, inatoa ukanda mrefu. Hiyo ndiyo blada, ileile inayofunga kreti za soda na magunia ya makaa kwenye keria. Ifunge kwenye nguzo, shika ncha mbili, vuta.

Madukani, mikanda ya mpira ya mazoezi huuzwa ikiwa na rangi za kupendeza, kana kwamba imebuniwa juzi. Ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauwi uji juani wala haukakamai kwenye baridi. Unavutika na kurudi. Karne hiyo haikwisha kabla Wazungu hawajaanza kufunga kamba za mpira milangoni na kuzivuta asubuhi. Eugen Sandow, mbabe wa majukwaani aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, aliuza vifaa vya aina hiyo vikiwa na jina lake.

Mpira wenyewe ulikuwa na bei nyingine. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hataza ya gurudumu la upepo, baiskeli zikapendwa, na dunia ikaingiwa na njaa ya mpira. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wanakijiji walisukumwa msituni kugema utomvu wa mitambaazi ya porini. Aliyeshindwa kufikisha kiasi alichapwa, mkewe akashikwa mateka, na wapo waliokatwa mikono. Mitambaazi hiyo ni ya jamaa moja na mtoria wa pwani yetu, ule ambao watoto hula matunda yake. Aina moja ya pwani wanasayansi waliipa hata jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na biashara ya mpira ilikuwa imefika huku pia.

Kisumu yenyewe ilipata reli mwaka 1901, na baiskeli nazo zikaja kuwa miguu ya mji. Kufikia miaka ya 1990, boda boda za baiskeli, zilizoanzia mpakani Busia, zilikuwa zimejaa barabarani. Penye baiskeli pana tyubu, na penye tyubu pana blada. Mtoto alitengeneza feya, yaani manati, mama akafunga mzigo, na mwanamazoezi akapata chake.

Je, inafaa kuliko vyuma? Chuma kina uzito uleule mwanzo wa kunyanyua na mwisho wake. Mpira huanza kwa upole, kisha kila unavyouvuta ndivyo unavyogoma. Kwa hiyo msuli hupata kazi ngumu zaidi mwishoni mwa mwendo, pale ambapo mtu wa vyuma mara nyingi anapumzika. Watafiti wa Brazil waliolinganisha tafiti kadhaa walichapisha mwaka 2019 kwamba nguvu inayopatikana kwa mpira inakaribiana na ya vyuma. Na juu angani hakuna ubishi: chuma hakina uzito huko. Kuanzia mwaka 2000 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga walifanya mazoezi kwa mashine iliyopata ukinzani wake kutoka kwa mpira, mpaka mwaka 2008 ilipopelekwa nyingine yenye mitungi ya ombwe.

Hata hivyo, blada ina kasoro ambayo wauzaji wa mikanda ya rangi wangefurahi kuisikia. Tyubu nyingi za leo ni za butili, mpira wa kiwandani uliobuniwa Marekani mwaka 1937. Unashika upepo vizuri kuliko mpira wa mti, lakini unarudi kwa uvivu ukivutwa. Wenye feya wanalijua hilo kwa vidole. Kwa mazoezi uvivu huo si hasara kubwa. Hasara ni nyufa. Tyubu iliyoanikwa juani huchanika bila kuaga, na ncha huja usoni. Ikunje, itazame kwenye mwanga, na ukiona mistari myembamba, irudishe kwenye keria. Kwa mapaja, mimi bado nachagua gunia la mchanga begani: blada moja haitoshi, na ukikunja nne mikono inachoka kabla ya miguu.