"Hayuko" na "Sijui": Je, ni Kitu Kimoja?



Ndugu msomaji, usiku wa Ramadhan baada ya tarawehe vijana hukaa barazani, na mazungumzo hufika kila mahali. Aghalabu hufika kwa kijana fulani aliyekwenda chuo kikuu, na sasa yasemekana "hamwamini Mungu". Ukiuliza amesema nini hasa, waambiwa: "Amesema hajui kama Mungu yuko." Basi hapohapo ashapewa jina: mkana Mungu. Lakini je, asemaye "hayuko" na asemaye "sijui" ni wamoja? Historia yasema la. Na wanavyuoni wa Kiislamu waliwatenganisha watu hawa karne nyingi kabla ya Wazungu kuwatafutia majina.

MANENO MAWILI

Watu wa chuo hutumia maneno mawili, ateisti na agnostiki, na yote mawili yana asili ya Kigiriki. "Theos" ni Mungu, na "a" ya mwanzo ina maana ya "bila". Kwa hivyo ateisti ni asiyekuwa na Mungu, yaani mkana Mungu. Hili ni neno la kale sana. "Gnosis" ni ujuzi, basi agnostiki ni mtu asiyedai ujuzi. Hili ni neno jipya, tena twamjua aliyelibuni na mwaka alioubuni.

Mtu huyo ni Thomas Huxley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1825. Shule alisoma miaka miwili tu hivi, lakini alijifundisha mwenyewe mpaka akawa mwanasayansi mkubwa wa viumbe hai na mtetezi mashuhuri wa Charles Darwin. Mwezi wa Septemba 1860 mtoto wake wa kwanza, Noel, alifariki kwa homa akiwa hajatimiza miaka minne. Rafiki yake, kasisi Charles Kingsley, akamwandikia barua ya kumliwaza. Huxley akamjibu kwa heshima kwamba yeye hathibitishi wala hakanushi kuwa binadamu huishi baada ya kufa. Haoni sababu ya kuliamini jambo hilo, lakini pia hana njia ya kulipinga. Hebu fikiria, msomaji: mtu ana msiba nyumbani, na hata hapo hakutaka kusema asilolijua.

Mwaka 1869 kukaanzishwa London jumuiya ya mijadala iliyoitwa Metaphysical Society. Ndani yake walikuwemo viongozi wa kanisa, wanasayansi na washairi. Huxley alieleza mwaka 1889 kwamba kila mwenzake pale alikuwa na jina la msimamo wake, ila yeye. Alijiona kama mbweha asiye na mkia kati ya mbweha wenye mikia! Ndipo akajibunia jina: agnostiki. Alilifanya kinyume cha wale Wagnostiki wa historia ya Kanisa waliojidai kujua mambo ambayo yeye hakuyajua. Kwake yeye hii haikuwa dini wala itikadi bali ni njia ya kufikiri: usidai yakini pasipo na ushahidi. Na kwa kipimo hicho alimkosoa hata mkana Mungu, kwani naye pia alidai kwamba ashalimaliza swali.

ALIYEKATAA WAZIWAZI

Wakati huohuo kulikuwa na Charles Bradlaugh, aliyeanzisha National Secular Society mwaka 1866. Yeye alijiita ateisti hadharani. Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua kuwa mbunge. Zamani hizo mbunge alitakiwa aape kwa jina la Mungu. Bradlaugh akaomba athibitishe ahadi yake bila kuapa, akakataliwa. Akasema basi ataapa, akakataliwa tena, maana wabunge walisema kiapo cha asiyeamini hakina uzito. Mwezi wa Juni mwaka huo akafungiwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge. Watu wa Northampton wakawa wanamchagua tena na tena, mpaka Januari 1886 aliporuhusiwa kula kiapo na kukaa kitini. Mwaka 1888 ikapitishwa sheria aliyoipigania yeye mwenyewe, inayomruhusu asiyetaka kuapa athibitishe tu. Hata sisi Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, viapo vya viongozi vina njia hizo mbili: kuapa ama kuthibitisha.

Sasa linganisha. Wakati Bradlaugh anasukumwa nje ya Bunge, Huxley alikuwa rais wa Royal Society, jumuiya kubwa ya wanasayansi wa Uingereza, kuanzia 1883 hadi 1885. Wote wawili hawakusali, lakini jamii haikuwachukulia sawa.

MASWALI NI MAWILI

Hapa ndipo penye tofauti yenyewe. Swali la kwanza ni: waamini? Swali la pili ni: jambo hili laweza kujulikana? Ateisti anajibu la kwanza, na agnostiki anajibu la pili. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuwa yote mawili. Mwanafalsafa Bertrand Russell alisema mwaka 1947 kwamba mbele ya wanafalsafa angejiita agnostiki, kwa kuwa hana hoja ya kukata kabisa. Lakini mbele ya mtu wa kawaida angejiita ateisti, kwa sababu haoni dalili ya kumfanya aamini.

WANAVYUONI WETU

Msomaji uliyepita madrasa, haya si mageni kwako. Qur'an, katika Suratul Jaathiya aya ya 24, yawataja watu wanaosema hakuna kitu kinachowaangamiza isipokuwa dahari, yaani zama. Wanavyuoni wakawaita Dahriyya. Na jawabu ya aya ni nini? Ni kwamba hawana elimu ya hilo, wanadhani tu. Yaani wameulizwa juu ya ujuzi: mmejuaje?

Kundi la pili waliitwa Laa-adriyya, watu wa "sijui". Taftazani, aliyefariki mwaka 1390, aliwataja katika sharhe yake ya Aqida ya Nasafi, pamoja na wengine wanaokataa kwamba ukweli wa vitu waweza kujulikana. Hawa shaka yao haikuishia kwa Mungu, waliutilia shaka ujuzi wowote.

Imam Ghazali (1058–1111) aliyapitia hayo mwenyewe. Katika Al-Munqidh min al-Dhalaal amesimulia kwamba kwa muda wa karibu miezi miwili hakuweza kuziamini hisia zake wala akili yake. Alisema hakuponywa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Katika kitabu hichohicho anawahukumu Dahriyya bila kuwaonea haya. Lakini shaka yake mwenyewe aliiita maradhi, na mgonjwa hutibiwa.

Tena "sijui" pekee si aibu. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, na 32 katika hayo akajibu: sijui. Ila kuna "sijui" ya anayetafuta, na kuna "sijui, wala hakuna awezaye kujua" ya aliyefunga mlango. Agnostiki wa Huxley hukaribia hii ya pili. Kijana wa hosteli mara nyingi ni wa ile ya kwanza.

KWA NINI LATUHUSU

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, zaidi ya watu 755,000 waliandikwa katika fungu moja la "hawana dini ama wakana Mungu". Agnostiki hakuwa na fungu lake. Karani wa sensa ana udhuru, karatasi yake ni ndogo. Sisi hatuna udhuru. Asemaye "hayuko" ametoa dai, basi muulize dalili yake kwa adabu. Asemaye "sijui" hajatoa dai la kukanusha, basi muulize ni lipi linalomtatiza, kisha umsikilize mpaka mwisho. Ukimpa wa pili jina la wa kwanza, umemsukuma kwenye kundi ambalo hakulichagua, na siku akitaka kurudi ataona haya kukupitia.

Mwezi huu tukiwataja watu hawa, kwanza tuulize wamesema nini. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na azipokee funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.