Msimamizi wa kundi la kanisa: mamlaka yake na mipaka yake

Makanisa mengi ya mahali yana kundi la WhatsApp ambamo hutangazwa ibada, matanga, wagonjwa na michango. Msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwingine, kumwondoa mtu, au kufunga kundi ili wasimamizi peke yao waandike.

Kumwondoa mshiriki ni kazi ya sekunde chache. Lakini aliyeondolewa hapati tena habari za mazishi wala za vikao, na waliobaki wanajiuliza amekosa nini. Tendo hilo ni nidhamu ya kanisa, basi lifuate njia ya nidhamu ya kanisa.

Maandiko yanasema nini?

Katika Matayo 18.15-17, Bwana Yesu anaagiza kumwonya ndugu kwanza faraghani, kisha pamoja na mmoja au wawili, na mwisho mbele ya kanisa. Katika Yohana 7.51, Nikodemo anawakumbusha wakubwa kwamba Sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Katika 1 Timoteo 5.19-21, Paulo anamkinga mzee na mashtaka yasiyo na mashahidi, lakini anataka mzee anayeendelea kukosa akemewe mbele ya wote, bila upendeleo.

Wana-matengenezo walifuata njia hiyo. Sheria za kanisa la Geneva za mwaka 1541 ziliweka nidhamu mikononi mwa baraza la wachungaji na wazee, si mtu mmoja. Wachungaji nao walichunguzana mara 4 kwa mwaka.

Kwa matumizi ya kanisa

1. Kanuni za kundi ziandikwe na zijulikane kabla ya kosa.
2. Wasimamizi wawe 2 au 3, wateuliwe na baraza la wazee kwa muda maalum.
3. Matusi, picha za aibu na uvumi wa hatari vifutwe mara moja. Mwenyewe asiondolewe kabla ya kusikilizwa.
4. Kila uamuzi uandikwe katika daftari: tarehe, sababu, na walioamua.
5. Aliyeondolewa aweze kukata rufaa kwa wazee, na msimamizi aliyemwondoa asiketi katika kikao hicho.
6. Swali likimhusu mchungaji au mtunza hazina, wao wasiguse ujumbe huo.

Kanuni ya 6 ndiyo kipimo cha zote. Mshiriki akiuliza fedha za ujenzi zimefika wapi, kisha jina lake likatoweka kundini, swali halijafa. Limehamia sokoni na nyumbani. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwanyamazisha. Waliita mkutano wote, wakaomba wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, nalo Neno la Mungu likazidi kuenea.