Mgonjwa Aliyefanyiwa Upasuaji wa Pua: Maumivu, Twahara, Swala na Saumu

Sifa zote njema ni za Allah, na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote.

Wako ndugu zetu wengi wa visiwani wanaoishi bara kwa kazi na biashara, na maswali yao hutufikia kupitia kwa watu wao wa Unguja na Pemba. Miongoni mwa waliotuuliza ni familia ambayo kaka yao anaishi Sumbawanga, mkoani Rukwa. Amenyooshwa ukuta unaogawa tundu mbili za pua, naye amesharudi nyumbani akiwa na pamba puani na maumivu usoni. Jamaa zake wamegawanyika. Wapo wanaosema asujudu na apandishe maji puani kama siku zote, maana kuvumilia ni ibada. Wapo wanaosema aache kuswali mpaka apone, kisha alipe zote kwa pamoja.

Jibu letu ni kuwa kauli zote mbili si sahihi. Swala haimwondokei mtu maadamu akili yake ipo, na wala Sheria haimtaki mgonjwa ajiongezee maumivu. Allah ametueleza katika Suratul Baqara, aya ya 185, kuwa anatutakia wepesi na wala hatutakii uzito. Hapa chini tunaeleza hali ya mgonjwa huyu kwa utaratibu, ili kila nyumba yenye mgonjwa wa aina hii ifaidike.

Je, upasuaji wenyewe unafaa?

Kutibu pua iliyopinda, iliyovunjika au iliyoziba ni katika kujitibu tulikoamrishwa. Dalili yake imo katika hadithi ya Swahaba 'Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa vitani zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha ikatoa harufu mbaya, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu asili yake imeharamishwa kwa wanaume. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Ama kubadili pua isiyo na dosari kwa kutafuta urembo tu, hilo maulamaa wamelikataza kwa kuwa ni kubadili maumbile ya Allah.

Maumivu ya kawaida na muda wake

Baada ya upasuaji wa aina hii maumivu huwa ya wastani, na mara nyingi hupungua ndani ya siku tatu hadi tano. Uvimbe na weusi chini ya macho huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha huanza kushuka. Kinachowataabisha wengi zaidi ni pua kuziba, jambo linaloweza kuendelea wiki moja au mbili. Mgonjwa hupumua kwa mdomo, koo likamkauka, na usingizi ukakatika. Majimaji yenye damu kidogo kutoka puani siku za mwanzo ni kawaida.

Kutuliza maumivu

Kunywa dawa ya maumivu hakupingani na subira. Subira ni kuuzuia moyo usimlaumu Allah na ulimi usitoe maneno ya kukata tamaa. Mtume ametuamrisha tutafute dawa, na maumivu ni katika yanayotafutiwa dawa.

Kwa mtu mzima asiye na maradhi ya ini, panadol za miligramu 500 ni vidonge viwili kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku nzima. Dawa nyingi za mafua zina panadol ndani yake, basi asichanganye bila ya kuuliza. Asitumie aspirini, kwa sababu huzidisha kutoka damu, na dawa nyingine za maumivu atumie kwa idhini ya daktari wake. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Akiandikiwa dawa kali inayolevya, kama tramadol, inafaa kwa dharura na kwa kipimo alichoandikiwa, wala asimgawie mwingine.

Alale chali na kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili au mitatu. Aweke kitambaa chenye maji baridi kwenye mashavu na paji la uso, si juu ya pua, na kama ana plasta usoni asiilowanishe. Asipenge kamasi kwa muda aliopangiwa na daktari, na asinyanyue mizigo. Akipiga chafya aache mdomo wazi wala asiizuie. Hapo hapo atakuwa ametekeleza Sunna kwa kujifunika kwa kitambaa na kumhimidi Allah. Damu ikishuka kooni aiteme, kwani kuimeza huleta kichefuchefu.

Kujifukiza nyungu, kutia ugoro, au kudondoshea mafuta ya habasoda puani yote ayaache mpaka daktari amruhusu. Joto huamsha damu, na kidonda kibichi hakitiwi kisichojulikana. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunafaa daktari akisharuhusu: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima yasiyochemshwa na maji ya bahari si badala yake.

Imethibiti katika Sahih Muslim kuwa Mtume alimfundisha 'Uthman bin Abil 'As aweke mkono panapouma, ataje jina la Allah mara tatu, kisha ajikinge kwa Allah na uwezo Wake mara saba. Mgonjwa wa pua aweke mkono kwa upole shavuni, asikandamize.

Kwa anayeishi Ufipa

Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Aliyezoea hewa nzito na yenye unyevu ya Unguja atakuta huko hewa kavu, na mwezi wa Juni na Julai usiku una baridi kali. Ukavu huo hukausha damu na kamasi puani, nayo huongeza maumivu. Anywe maji mara kwa mara, na afunike mdomo kwa kitambaa chepesi anapotoka kwenye vumbi. Uji wa ulezi, ambao Ufipa unapatikana kwa wingi, ni chakula kizuri kwake ukiwa vuguvugu.

Tunasisitiza jambo moja. Watu wa maeneo ya baridi huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Na mgonjwa wetu, kwa kuwa pua yake imeziba, hata moshi wa kitu kinachoungua hatausikia. Mablanketi yaongezwe, na jiko libaki nje. Udi na ubani navyo visifukizwe chumbani mwake, hata kwa nia ya kumkaribisha mgeni.

Udhu na josho

Kupandisha maji puani katika madhehebu ya Imamu Shafi ni Sunna, katika udhu na katika josho. Mtume alimwambia Laqit bin Sabira azidishe kupandisha maji isipokuwa akiwa amefunga, na hii yaonesha kuwa Sunna hii huzingatia hali ya mtu. Basi mwenye pamba puani aiache, na udhu wake umetimia.

Ikiwa hakuna plasta kwa nje, aoshe uso wake taratibu kama kawaida. Wengi walionyooshwa ukuta wa ndani huwa katika hali hii, wala hawana cha kurudia.

Ikiwa ipo plasta juu ya pua, aoshe sehemu nzima ya uso, apanguse juu ya plasta kwa mkono wenye unyevu, na atayamamu kwa ajili ya sehemu isiyooshwa. Daktari akikataza hata unyevu, atosheke na kuosha palipo pazima na kutayamamu. Kauli inayotegemewa kwa Mashafi ni kuwa plasta ikiwa usoni, Swala hurudiwa baada ya kupona. Hanafi, Maliki na Hanbali hawaoni kurudia. Anayetaka kutoka katika khitilafu arudie, na anayefuata kauli ya wengine hana lawama. Josho la janaba ni vivyo hivyo: aoshe mwili, na plasta aifanyie kama tulivyotaja.

Damu ya puani haivunji udhu kwa Mashafi. Aweke gozi safi chini ya pua kabla ya Swala, na damu ndogo ya kidonda chake imesamehewa.

Swala

Kuinamisha kichwa chini ya kifua siku za mwanzo huzidisha maumivu na huweza kurudisha damu. Mtume alimwambia 'Imran bin Husayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Kwa hiyo kila nguzo hupimwa peke yake. Mgonjwa huyu miguu yake ni mizima, basi asimame kwa takbira na kisomo. Arukuu kadiri awezavyo, kisha akae, juu ya kiti au chini, na aashirie sijda kwa kichwa. Kuinama kwa sijda kuwe chini kidogo kuliko kwa rukuu. Akipata nafuu ya kuweka paji la uso chini bila ya pua, sijda yake inatosha, kwani paji ndiyo faradhi na pua ni Sunna kwa Mashafi.

Wengine huingiwa na wasiwasi juu ya kisomo. Ghunna ya mim na nun hutoka kwenye mianzi ya pua, na pua ikiwa na pamba sauti hubadilika. Huo ni udhuru, na Fatiha yake ni sahihi. Lakini ni bora amwachie mwingine uimamu mpaka pamba zitoke.

Anayesafiri kutoka Sumbawanga kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, ni msafiri. Anaweza kupunguza na kukusanya, maadamu hakunuia kukaa huko siku nne kamili bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka. Swala iliyompita akiwa chini ya dawa ya usingizi, hadhari ni kuikidhi mara anapozinduka.

Saumu

Vidonge hufunguza, na dawa ya matone ya puani ikifika kooni hufunguza pia. Basi afungue bila ya uzito moyoni, na alipe siku hizo akipona. Fidia si yake, kwa kuwa maradhi yake yanatarajiwa kupona. Upasuaji usio wa haraka ni vyema upangwe nje ya Ramadhani.

Arudi hospitali lini?

Damu ikitoka kwa wingi, akae wima, ainamishe kichwa mbele kidogo, na abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Kama amewekewa plasta au vibao, afuate maelekezo ya daktari wake juu ya kubana. Isipokatika, aende bila ya kuchelewa. Aende pia akiona homa ya kufikia nyuzi 38, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe mkubwa wa ghafla puani, maji meupe yanayotiririka bila kukatika, macho kuona vibaya, au shingo kukakamaa. Kwa anayeishi mbali na mabingwa wa pua, kungoja asubuhi kunaweza kuwa hatari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga, ndiyo mahali pa kuanzia.

Tunawausia jamaa wa mgonjwa wasimhukumu kwa kumwona ameswali juu ya kiti au amekula mchana wa Ramadhani. Wamchemshie maji, wamkumbushe dawa na wakati wa Swala, na wamwombee.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.