Mtu ni Afya: Siha Njema Haikuwahi Kuwa Jambo la Mtu Mmoja

Mkazi wa Kerenge, wilayani Korogwe, hupewa ushauri uleule anaopewa mkazi wa Dar es Salaam: kunywa maji safi, nawa mikono, lala ndani ya chandarua, utaishi miaka mingi. Sina ugomvi na ushauri huo. Ninachokihoji ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba afya ni tunda la nidhamu ya mtu binafsi. Historia yetu yasema vingine.

Wakati wa sensa ya 1967, Mtanzania aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 40 na ushei tu. Mwaka 1973 Serikali, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wazima karibu milioni 2 walikutana kwa majuma 12 kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana kuhusu maradhi kama malaria, kichocho, safura na kuhara damu. Mjadala haukuishia mdomoni. Kikundi kilipaswa kuamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani kandokando ya nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Choo cha jirani kikawa jambo la kijiji kizima, kwa kuwa inzi hajui mpaka wa ua.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Kuchemsha maji ni tabia njema, lakini maji hayo, pamoja na kuni za kuyachemshia, yalibebwa vichwani na wanawake. Tabia isiyowezeshwa kwa nyenzo humwelemea aliye mnyonge, na hatimaye huachwa.

Nyenzo zinapopatikana, mambo hubadilika. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Korogwe ulionesha kuwa katika maeneo ya bondeni, maambukizi ya malaria miongoni mwa watoto na vijana yalishuka kutoka zaidi ya asilimia 70 mwaka 2003 hadi chini ya asilimia 20 mwaka 2008. Sababu zilikuwa kadhaa, na miongoni mwake ni vyandarua kuwafikia watu wengi zaidi. Haikuwa kwamba watu wa 2003 walikuwa wazembe na wa 2008 wakawa waadilifu. Huwezi kujizoeza kulala ndani ya chandarua usichokuwa nacho.

Hapo ndipo lilipo deni letu. Mtumishi wa umma anayekwenda kijijini kuhimiza watu wanawe mikono, aulize kwanza maji yanachotwa wapi, na ni nani anayeyachota. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mnapohubiri tabia njema, daini pia bomba, zahanati na mafunzo. Kizazi cha 1973 kiliketi pamoja kikauliza, "Sisi tufanye nini?" Sisi tumebaki kumuuliza mgonjwa, "Wewe ulifanya nini?"