Taka Sumu Zilivyofika Shambani Zikiitwa Mbolea

Quincy ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Washington, Marekani. Viazi na mahindi hustawi huko kwa maji ya mifereji. Miaka ya 1990 baadhi ya wakulima walilalamika kwamba mazao yao yanadumaa. Meya wao, Patty Martin, aliwasikiliza, kisha akauliza swali lililowatatiza maofisa wengi: ndani ya mbolea mna nini hasa?

Mwandishi Duff Wilson wa gazeti la Seattle Times alilifuatilia swali hilo. Julai 1997 alichapisha mfululizo wa makala uliofichua kwamba taka za viwandani zilikuwa zikigeuzwa mbolea, tena kwa ruhusa ya sheria.

Mahindi huhitaji zinki kidogo, na vumbi la tanuri za kuyeyushia vyuma chakavu lina zinki tele. Lina pia risasi na kadimiamu. Kulizika kwenye dampo la taka hatari kuligharimu fedha nyingi, kwa hiyo viwanda vililipeleka kwa watengenezaji wa mbolea. Likiingia ghalani mwao liliitwa taka hatari; likitoka lilihesabiwa mbolea, na sumu yake ikiwa palepale.

Mkulima angejuaje? Mfuko ulitaja virutubisho tu. Aliyebeba hatari ndiye aliyenyimwa habari, na hilo ni dhuluma. Kadimiamu haiozi: hubaki udongoni miaka mingi, mimea huifyonza, kisha hujikusanya kwenye figo za mlaji. Japani ilikwisha kuonja machungu yake katika bonde la mto Jinzu, ambako maji machafu ya mgodi yaliingia kwenye mashamba ya mpunga na kuwaletea watu ugonjwa wa mifupa uitwao itai-itai. Serikali ya huko ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Jimbo la Washington lilitunga sheria mwaka 1998, likiazima viwango vya Kanada vinavyopima metali zitakazorundikana udongoni kwa miaka 45. Serikali kuu ya Marekani ilifuata mwaka 2002, ikaweka ukomo wa risasi, kadimiamu, aseniki, zebaki, kromiamu na dioksini, lakini kwa mbolea za zinki zitokanazo na taka hatari pekee.

Umoja wa Ulaya ulichelewa zaidi. Tangu Julai 2022, mbolea ya fosfati yenye alama ya umoja huo hairuhusiwi kuzidi miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfati. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya ilikuwa imependekeza kiwango hicho kishuke hatua kwa hatua hadi 20. Mabishano yalipokwisha, kikabaki 60.